Mita ya maji ya nusu inchi Malindi: inapima vyema, ila ina adui wake

Kwa kazi ya nyumbani, mita ya kawaida ya nusu inchi haina ubaya. Haitaki betri wala umeme, na kuisoma ni rahisi: tarakimu nyeusi ni yuniti, nyekundu ni lita zilizozidi. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20.

Kasoro yake kubwa ni hewa. Maji ya Malindi hutoka visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, na pampu zake zategemea umeme. Stima ikipotea, mabomba hukauka. Maji yakirudi husukuma hewa mbele yake, na kijipanka kilicho ndani ya mita hakitofautishi hewa na maji, kinazunguka tu. Wanaoacha mfereji wazi na ndoo chini yake usiku kucha hulipia upepo. Tangi tupu nalo ni vivyo hivyo, maana boya limeshuka na njia iko wazi. Siku za mgao funga valvu ya mita, uifungue maji yakishatulia kwa jirani.

Fundi akiifunga, hakikisha mshale wafuata mkondo na uso watazama juu. Ikilazwa kwa ubavu husoma pungufu. Mteja atafurahi, mkaguzi hatafurahi.

Bili ikipanda ghafla, funga mifereji yote na uangalie kinyota kidogo usoni mwa mita. Kikizunguka, kuna mvujo. Lita moja kila dakika mbili ni lita 720 kwa siku, karibu yuniti 22 kwa mwezi! Anza na tangi la choo: tia rangi ya chakula, ungoje nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, badilisha mpira unaoziba tundu la tangi.

Kinyota kikitulia, linganisha mita na bili. Usomaji wa bili ukiipita mita, huenda umekadiriwa. Bei ya yuniti nayo haipangwi na kampuni ya maji peke yake: chini ya Sheria ya Maji ya 2016 lazima WASREB, bodi ya udhibiti wa huduma za maji, iidhinishe, na hupanda kwa madaraja kadiri unavyotumia zaidi. Kwa hiyo kadirio la juu hukuumiza mara mbili, kwa yuniti na kwa daraja.

Lalamika kwanza kwa kampuni, kwa maandishi, ukiambatisha picha inayoonyesha usomaji, nambari ya mita na tarehe. Wakinyamaza, peleka nakala hizo hizo WASREB.

Mita: nyota 4 kati ya 5. Bili za makadirio: 1.