Tovuti ya duka la khanga: nilianza na Joomla, nikaishia WordPress

Nauza khanga na vitenge Kariakoo, jumla na rejareja. Tovuti yetu ya kwanza alitutengenezea kijana mmoja kwa programu aliyoiandika mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Ilipendeza kweli. Shida ni kwamba kila bei ikibadilika lazima nimpigie yeye, na bei za mzigo hazitulii. Alipopata kazi mkoani, simu ikawa haipokelewi. Mteja wa Dodoma akanitumia picha ya skrini yenye bei ya mwaka juzi: "Si mmeandika wenyewe?" Nikamuuzia kwa bei hiyo hiyo, roho inauma.

Safari hii nikataka mfumo ambao hata binti anayenisaidia dukani ataingia abadilishe bei. Nilianza na Joomla, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, na sababu yangu ilikuwa ya kitoto: jina. Ni neno letu "jumla", walilolichagua mwaka 2005 walipojitenga na programu iliyokuwa ikiitwa, amini usiamini, Mambo. Muuza jumla ningeipitaje? Nikaifanyia majaribio wiki tatu. Ngazi za ruhusa za watumiaji zimepangwa vizuri, na tovuti ya Kiswahili na Kiingereza unaijenga humo humo bila kuongeza kitu. Ila kila makala inataka kundi lake, na ukurasa unataka kipengele chake kwenye menyu. Binti anahifadhi khanga mpya, kisha ananiita: "Bosi, mbona haionekani?" Ningekuwa na ofisi ya idara tano ningebaki hapo.

Drupal, programu nyingine ya aina hiyo, niliipita haraka. Naiona ya taasisi zenye mafundi wa kuajiriwa. Wix, huduma ya kujengea tovuti mtandaoni, ni rahisi, unaburuta picha unaiweka unapotaka, lakini tovuti uliyoijenga humo huwezi kuibeba ukaihamishia kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya kuhifadhia tovuti. Mtu aliyeshakimbiwa na fundi mara moja hataki kufungwa tena.

Basi WordPress, ile ya kupakua bure na kuiweka kwenye seva unayoilipia mwenyewe. Wengi huichanganya na WordPress.com, ambako wao ndio wanaokuhifadhia. Juu yake nikaweka WooCommerce, nyongeza yake ya duka, kwa ajili ya bidhaa. Binti alielewa kwa mchana mmoja: anatandaza doti kaunta, anaipiga picha, anaandika jina la khanga na bei, anachapisha. Hilo la jina ndilo lililotulipa kuliko yote. Wateja wa khanga hawatafuti "nyekundu yenye maua", wanatafuta yale maneno ya chini. Tulipoanza kuyaweka kama kichwa cha bidhaa, mtu akiyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia anaikuta doti yake papo hapo. Kikapu cha kulipia hakuna anayekigusa, lakini. Wote wanabonyeza kitufe cha WhatsApp na kuuliza, "Bei ya mwisho?"

Karaha zipo. Picha za simu ni nzito, na ingawa tangu mwaka 2019 mfumo hupunguza wenyewe picha iliyozidi pikseli (nukta za picha) 2560 kwa upana au urefu, ile ya asili huibakiza kwenye seva, tena hutengeneza na nakala ndogo ndogo. Nafasi ikajaa kabla sijajua kinachoila. Siku hizi tunazipunguza kwenye simu kwanza.

Halafu kuna plagini, vile viprogramu vya kuuongezea mfumo uwezo. Kila ukitaka kitu utaambiwa kuna plagini yake, na mimi nilifikisha ishirini na tatu. Asubuhi moja, baada ya plagini moja kujisasisha usiku, tovuti ikafunguka nyeupe pe, hata pa kuingilia hapakuwepo. Kilichoniokoa ni kuingia kwenye mafaili ya seva na kulibadilisha jina folda la plagini hiyo. Mfumo usipoliona huizima. Sasa ninazo saba tu.

Naipa nne kati ya tano, kwa duka la aina yangu. Jina la tovuti safari hii nimelisajili mwenyewe. Binti ana akaunti ya meneja wa duka, haiwezi kugusa plagini. Kila Jumamosi kabla ya kufunga napakua nakala ya tovuti nzima kwenye flashi, na nywila yangu nimeiandika nyuma ya daftari la madeni, kitu pekee ambacho hapa dukani hakijawahi kupotea.