Rock Band 2: mwenzako akianguka, nani anaweza kumwokoa?

Haya, karibuni tena. Leo kamera nimeisogeza hadi mlangoni kwa sababu tuko wanne humu ndani. Dada ameshika maiki, shemeji amekaa kwenye ngoma, mdogo wangu ana besi, mimi nina gitaa la solo. Gemu ni Rock Band 2, gemu la video la kupiga muziki kwa ala za plastiki, la kampuni ya Harmonix, la mwaka 2008. Wengi wenu mliniomba nianze na Rock Band 4 la 2015, na nitalifikia, nimeshaahidi. Lakini mkitaka kuelewa kwa nini watu wazima wanaamka kwenye kochi na kuanza kupiga kelele mbele ya runinga, tuanzie hapa.

Namna ya kucheza naipita haraka. Noti za rangi zinateremka, unabonyeza kitufe cha rangi yake, unacharaza. Mwimbaji anafuata mstari unaopanda na kushuka. Nyimbo kwenye diski ni 84. Basi.

Sasa nataka tukae hapa. Tazameni kushoto kwa skrini, ile mita ndefu yenye vialama vinne. Kila kialama ni mmoja wetu. Ukikosakosa noti, chako kinashuka, kikifika chini kabisa kwenye nyekundu unatolewa wimboni. Ala yako inanyamaza. Lakini wimbo haujaisha! Bendi inaanza kuzama taratibu, na wenzako wana muda mfupi wa kukurudisha. Wanakurudisha kwa ile nishati inayoitwa Overdrive. Unaikusanya kwa kupiga vipande vyenye noti nyeupe zinazong'aa bila kukosa hata moja, kila mtu na mita yake ya nishati, na ikifika nusu tu unaweza kuifungulia.

Hebu tuonyeshe. Dada, ukianza wimbo usiimbe kabisa. Nyamaza. Tunaenda... tazameni kialama chake, kinashuka, kinashuka, kimewaka nyekundu... ametoka. Mmesikia? Sauti ya mwimbaji imekatika, tumebaki na vyombo vitupu. Sasa mimi nina nishati zaidi ya nusu. Nainua shingo ya gitaa juu, hivi, ndivyo inavyofunguliwa. Karudi! Sauti imerudi! Jamani, nimelicheza gemu hili miaka mingi na bado mwili unanisisimka hapo. Kwenye magemu mengi mwenzako akifa unamlaumu. Hapa unainua gitaa kumtoa shimoni, na yeye anaona nani kamtoa.

Ila mtu huokolewa mara mbili tu kwa wimbo mmoja. Akianguka ya tatu hakuna wa kumrudisha, mnabaki mkiomba wimbo uishe kabla mita ya bendi haijafika chini.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Shemeji, mita yako ya nishati imejaa? Imejaa. Vizuri. Mdogo wangu, acha kupiga besi. Mimi sitamwokoa, natazama tu. Mdogo wangu anashuka... katoka. Shemeji, mwokoe! Mnamuona? Hawezi! Mita imejaa pomoni na hawezi, kwa sababu mpiga ngoma hana gitaa la kuinua. Yeye anasubiri gemu limfungulie nafasi ya kupiga atakavyo, halafu mwishoni aigonge ile ngoma ya kijani, ndipo nishati inawaka. Nafasi hiyo bado. Bado. Bendi inazama. Bado... imekuja, piga piga piga, kijani! Amerudi, mmeona ilivyobaki kidogo?

Mwimbaji naye yuko vilevile. Anawasha nishati kwa kupaza sauti yoyote kwenye maiki, lakini pale tu wimbo unapompa mwanya. Kama anaimba ubeti mrefu bila kupumua, hana msaada kwa mtu. Kwa hiyo wawili wenye magitaa ndio waokoaji wa kweli, wengine wawili wanategemea bahati. Nilipoandaa video hii nilipanga kuiita kasoro kubwa kuliko zote. Ila hapa shemeji ananiambia hajali, anasema ule muda wa kusubiri nafasi ndio unaomfanya apige kwa makini zaidi. Kwenye nyimbo ambazo nafasi zinakuja mara kwa mara namwelewa, hata napata wivu kidogo. Kwenye nyimbo ambazo nafasi ni za kuhesabu, nabaki na msimamo wangu: wangempa mpiga ngoma kitufe kimoja tu cha dharura.

Washindani walifikiriaje? Guitar Hero World Tour lilitoka mwaka uleule wa 2008, na lenyewe liliweka nishati ya bendi kwenye kapu moja, yeyote anachota. Ni rahisi, hakuna anayekwama kama shemeji. Na ngoma zake nazipenda, zina matoazi mawili yaliyoinuliwa, mkono unasafiri kama kwenye ngoma halisi. Hapa una visahani vinne vilivyolala na kanyagio. Ngoma zao nazichukua leo. Kapu lao siwezi kulichukua, kwa sababu nishati ikiwa ya wote, hujui nani amekutoa shimoni.

Kidogo kuhusu chaneli. Ule mfululizo wa kinanda cha Rock Band 3 haujafa. Lile ndilo lililoleta kinanda mwaka 2010, nami nimeshindwa kurekodi kwa sababu kinanda chenyewe kiko kwa fundi. Kikirudi tunaendelea. Na matangazo ya moja kwa moja yamehamia Jumamosi. Kama hujajiunga, jiunge, kengele iko hapo chini.

Turudi. Kuimba. Watu wengi wanaogopa maiki kuliko chombo kingine chochote, na hawana sababu. Gemu linapima kupanda na kushuka kwa sauti. Kwenye sehemu za kuimba maneno halikukagui, unaweza kuguna tu na ukapata alama. Sauti yako ni nzito na mwimbaji anaimba juu? Imba chini, mradi ni noti ileile, linakubali. Dada yangu alianza kwa kuguna, akiwa amegeukia ukuta. Msikilizeni leo.

Ngoma ndiyo inayokufundisha kitu unachoweza kuondoka nacho. Ule mstari wa rangi ya chungwa unaokatiza njia nzima ni mguu. Siku za kwanza mguu utafuata mkono, unapiga nyekundu na mguu unashuka wenyewe. Halafu siku moja vinaachana. Mpiga gitaa wa plastiki hajawa mpiga gitaa, lakini mkono na mguu vilivyoachana hapa vinabaki vimeachana hata kwenye ngoma za kweli. Kelele ya fimbo kwenye visahani ni kubwa ingawa, na kishindo cha kanyagio kinashuka sakafuni. Weka zulia, mwenye nyumba wa chini yako ana masikio.

Kuchelewa kwa picha na sauti: runinga za kisasa zinachelewesha picha, na kuchelewa kidogo tu kunakuharibia wimbo. Gitaa lililokuja na gemu hili lina jicho dogo la mwanga na maiki ndani yake, unalielekeza kwenye skrini linapima lenyewe. Gemu la kwanza la 2007 halikuwa na hilo. Fanyeni hivyo kabla ya wimbo wowote, tafadhali, msije kwenye maoni kuniambia gemu ni bovu.

Bei. Rock Band la kwanza na vifaa vyake vyote liliuzwa dola 169.99 Marekani. Leo unatafuta vilivyotumika, na hapo kuwa mwangalifu na vya mashine ya PlayStation 3, yaani PS3: kila chombo kisichotumia waya kina kipokezi chake cha kuchomeka kwenye USB, na cha gitaa hakifanyi kazi kwa ngoma. Muuzaji akikwambia kipokezi kimepotea lakini gitaa ni zima, usitoe pesa. Mimi nilitoa, kwa muuzaji ambaye simtaji, na gitaa hilo liko pale ukutani hadi leo. Toleo la Xbox 360 gitaa linaungana moja kwa moja bila kipokezi, ndilo ninalopendekeza kwa anayeanza.

Na kama una watoto au wageni wasiojua kabisa, kuna hali ya kutoanguka, hakuna anayetolewa. Naiwasha wageni wakija. Sisi wanne tumeizima.

Tubadilishane sasa. Shemeji chukua gitaa langu, na mita yako ikijaa usisubiri ruhusa ya mtu. Mimi naenda kwenye ngoma. Dada, hesabu.