Vishikwambi darasa la sanaa: kamera nzuri, brashi ya hivi hivi

Walimu wenzangu huniuliza kama vishikwambi vina kazi ya maana kwenye darasa la sanaa au ni vitu vya kuwaonyesha wageni wakija kukagua. Jibu langu fupi: vinunueni kama kamera. Mkivinunua kama brashi mtajuta, hasa kama watoto wenu wako madarasa ya chini.

Nafundisha sanaa kuanzia darasa la pili hadi la tano. Vyetu ni vya skrini ya inchi kumi hivi, vina makava manene ya mpira yenye mshikio nyuma, na kimoja kinatumiwa na watoto watatu. Kwenye makava msifanye ubahili. Chumba chenye maji, gundi na udongo, na mikono midogo iliyolowa, kifaa lazima kitaanguka.

Nianze na kupaka rangi, maana ndiko kila mtu anakokimbilia. Mtoto wa darasa la tatu anajua bila kufikiri kwamba njano na buluu huzaa kijani. Sasa mpe programu ya kawaida ya kuchora, apake njano, juu yake aweke buluu iliyopunguzwa uzito nusu. Anapata kijivu, kama maji ya kuoshea brashi. "Mwalimu, hiki changu kimeharibika." Cha jirani nacho kimeharibika. Baada ya dakika moja meza nzima imenyoosha mikono.

Havijaharibika. Skrini hutengeneza rangi zote kwa vitaa vidogo vya aina tatu: vyekundu, vya kijani na vya buluu. Njano ya skrini ni nyekundu na kijani vikiwaka pamoja. Ukiichanganya nusu kwa nusu na buluu, taa zote tatu zinalingana kwenye kiwango cha kati, na hapo jicho linaona kijivu. Rangi ya kopo haitoi mwanga, inaumeza. Njano inameza buluu, buluu inameza nyekundu, kijani ndicho kinachosalimika. Darasa la tano wanaweza kujionea wenyewe: washa ukurasa mweupe, chovya ncha ya kidole kwenye maji, acha kitone kidogo kabisa juu ya skrini. Kitone kinakuza kama lenzi na vidoti vya rangi vinajitokeza ndani yake. Wangu hawakutaka kuondoka hapo, na kipindi kikaishia kwenye vitone.

Kwa hiyo kama somo la sayansi ya rangi, safi. Kama njia ya kumfundisha mtoto wa miaka minane kuchanganya rangi, hapana. Zipo programu chache zinazokokotoa rangi zifuate tabia ya rangi za kopo, lakini nyingi wanazopewa watoto hazifanyi hivyo. Isitoshe, kuchanganya kwenyewe hakuna haja: kahawia iko tayari kwenye duara la rangi, unaigusa tu. Mtoto anamaliza mwaka hajui kahawia inatoka wapi.

Kalamu nazo zina mambo yake. Zile za bei ya chini zenye ncha ya mpira hazihitaji chaji wala kuunganishwa, na hilo ni jema. Ubaya wake ncha ni nene, mtoto haoni mstari unaanzia wapi, na mpira ukichanika kalamu imekufa. Halafu skrini haitofautishi kalamu hiyo na kiganja. Mtoto akiegemeza mkono kama anavyofanya kwenye daftari, mistari ya ajabu inatokea pembeni, basi anajifunza kuchora mkono ukiwa hewani, kiwiko kimeinuliwa. Kwa umri ambao bado tunawafundisha kushika penseli sawasawa, sipendi hata kidogo. Nilichofanya ni kukata soksi nzito kuukuu, zikavaliwa kama glavu zinazofunika kiganja na vidole viwili vya mwisho. Wanacheka, lakini zinafanya kazi. Kalamu za kielektroniki zinazopima mgandamizo ni raha tupu kutumia, ila moja niliyojaribu ilikuwa na kifuniko kidogo nyuma chenye ukubwa wa kumezeka na kupotea. Kabla ya kununua angalieni mambo matatu: isiwe duara kabisa, itabingirika, isiwe na kipande kinachochomoka, na isichajiwe kwa kuchomekwa ikabaki imechomoza kama pembe.

Kitufe cha kurudisha nyuma, kile kinachofuta mstari wa mwisho, kinastahili aya yake. Nimemtazama msichana mmoja akichora mkia wa paka, akaufuta, akauchora, akaufuta, mpaka wenzake wamefika kwenye mandhari yeye bado yuko kwenye mkia. Kwenye karatasi mkia wa kwanza ungebaki, angeugeuza kuwa kitu kingine, na paka wake angekuwa na tabia. Siku hizi robo ya kwanza ya kipindi kurudisha nyuma ni mwiko. Wanachungana wenyewe, na wanafurahi kupita kiasi kushtakiana.

Sifa moja ya upande wa kuchora naitetea kwa nguvu zote: kurekodi. Procreate, programu ya kuchora inayopatikana kwenye iPad pekee na hulipiwa mara moja bila ada ya kila mwezi, inahifadhi mwendo mzima wa mchoro na kuucheza kama video ya haraka. Mvulana mmoja alinipa picha ya anga jeusi tupu. Nilipoicheza nikaona nyumba, watu mlangoni, mti, mbwa, kisha usiku ukishuka juu ya vyote tabaka kwa tabaka. Karatasi ingeninyima hiyo. Kwa mwalimu anayetakiwa kutoa alama, hapo kuna hazina.

Wazazi nao wana lao: hiyo ni sanaa kweli? Huwa nawatajia David Hockney, mchoraji wa Uingereza aliyeanza kuchora kwenye iPhone mwaka 2009 na kuhamia iPad ilipotoka mwaka 2010. Michoro yake ya iPad ilitundikwa Royal Academy, jumba la sanaa la London, mwaka 2012. Lakini nawaambia na nusu ya pili. Alizaliwa mwaka 1937. Alipoishika iPad alikuwa ameshapita miaka 70, mkono umekomaa kwa makaa, mafuta na penseli. Watoto wetu wanaanza upande wa pili kabisa.

Sasa kamera, ambako ndiko ninakokipenda kifaa hiki. Tunafanya uhuishaji wa picha moja moja kwa Stop Motion Studio, programu ambayo toleo lake la bure linatosha kuanzia. Unaunda kitu kwa udongo, unakipiga picha, unakisogeza kidogo, unapiga tena. Programu inakuonyesha picha iliyopita kwa kivuli hafifu juu ya ile unayotaka kupiga, hivyo mtoto anaona amesogeza kiasi gani. Kitu hicho kimoja kinafundisha utazamaji kuliko mahubiri yangu yote kuhusu kutazama.

Kundi moja lilikuwa na konokono. Mara ya kwanza walimsogeza upana wa kidole kila picha, na alipochezwa alikuwa anaruka kama chura. Walibishana. Mmoja akapendekeza asogezwe upana wa punje, wakajaribu, akatembea. Kisha akafika ukingo wa jani na akasimama ghafla mno, ikaonekana si konokono tena, ni mashine. Yule aliyekuwa kimya siku zote akasema, "Kabla hajasimama awe anachoka." Wakapunguza hatua kidogo kidogo kuelekea ukingo. Wahuishaji wa kulipwa wanaijua kanuni hiyo na wana jina lake. Huyu aliipata mwenyewe, mikono imejaa udongo. Pembe za konokono zikaanza kuinama kabla hajageuka, na hilo hakuna aliyewaambia.

Na hapa mgawo wa watatu kwa kimoja unaonyesha faida. Mmoja anasogeza, mmoja anapiga, mmoja analinda: anahakikisha hakuna mkono uliobaki kwenye picha wala kichwa kilichoziba mwanga. Wanabadilishana. Kila mtoto akiwa na chake wanazama kila mtu kwenye skrini yake na chumba kinakuwa kimya kwa namna isiyonifurahisha.

Hesabu nayo inaingia bila kualikwa. Sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Sisi tunatumia 12, na wadogo 8. Sekunde kumi kwa 12 ni picha 120. Wakisikia hivyo hadithi zao za vita vya majoka zinapungua zenyewe na kuwa joka mmoja anayepiga chafya. Afadhali.

Vinavyoharibu kazi ni viwili. Cha kwanza ni mwanga wa dirishani: wingu likipita, filamu inapepesa mwanzo hadi mwisho. Vuta pazia, washa taa, na kwenye programu funga mwanga na fokasi zisijirekebishe zenyewe. Cha pili ni kifaa kutikisika. Vitabu na gundi ya karatasi vinasaidia siku ya kwanza. Baada ya hapo mtahitaji stendi yenye koleo, na hakuna anayeikumbuka wakati wa kuandika orodha ya manunuzi.

Kwa darasa la pili natumia ScratchJr, programu ambayo mtoto anaunganisha amri ili wahusika wake watembee, iliyotoka mwaka 2014 kwa watafiti wa Tufts na MIT, vyuo vikuu vya Marekani. Ni ya bure, imelengwa watoto wa miaka 5 hadi 7, na amri zake ni vipande vya picha, kwa hiyo asiyejua kusoma vizuri hakwami. Wanachora mhusika, na kamera inajaza sehemu ya mchoro kwa picha halisi. Tembo mwenye ngozi ya gome la mti, kwa mfano. Uchoraji wenyewe mle ndani ni mnyonge, lakini mhusika uliyemchora akitembea ulivyomwamrisha, nani atalalamika?

Mradi ninaoupendekeza kuliko yote unaanzia kwenye karatasi. Watoto wanalaza karatasi juu ya majani, magome na sakafu, wanasugua kwa krayoni mpaka mikwaruzo itokee. Wanapiga picha mikwaruzo hiyo, wanaikata kwenye skrini kuwa maumbo, wanaipanga tabaka juu ya tabaka kuwa mnyama. Tunachapa, halafu wanaendelea juu ya karatasi iliyochapwa kwa wino na gundi. Watayarishe mapema kwa jambo moja: buluu na kijani vilivyong'aa kwenye skrini vinafifia kwenye karatasi, kwa sababu wino wa printa hauwezi kufikia rangi zote za taa. Mtu akilia, na kuna anayelia, mpe krayoni akolezee.

Utunzaji nitaupita haraka. Chajini usiku wa kuamkia kipindi. Kila faili lipewe jina la mtoto kabla ya kengele, la sivyo mtabaki na mamia ya kazi zisizo na mwenyewe. iPad ina mpangilio wa kufunga kifaa kwenye programu moja, na Android ina kubandika skrini. Tumieni, ama kipindi kitageuka cha kujipiga picha. Programu za bure zenye matangazo sizipokei hata ziwe nzuri namna gani. Sura za watoto hazitoki nje ya darasa. Kwenye filamu zetu mnaona mikono tu.

Nikipewa fedha leo sitaongeza kishikwambi hata kimoja. Nitachukua stendi kwa kila kundi, taa mbili za mezani zisizopepesa, udongo usiokauka wa kutosha, na rangi za maji mpya, kwa sababu za zamani zimebaki nyeusi na zambarau tu, na kijani kila mmoja bado anakitaka.