Wiki yetu ya likizo Pwani ya Kaskazini: nyumba nzuri, mkataba wa kuchungwa

Nyumba yenyewe sina neno nayo. Vyumba viwili vya kulala, jiko lenye vyombo vyake vyote, baraza inayotazama bahari, na bwawa la kuogelea ambalo wanangu hawatoki mpaka waitwe kwa ukali. Iko Pwani ya Kaskazini, ukishapita Bamburi kuelekea Shanzu, na kwetu Tudor ni karibu kiasi kwamba hata tukisahau kitu nyumbani, mtu hurudi kukichukua. Tuna wiki moja kila mwaka kwa mkataba wa umiliki wa zamu, ule ambao wauzaji wanauita taimushea. Tumeitumia miaka kadhaa sasa, na kwa familia inayopenda bahari na inayokwenda kweli kila mwaka, naipendekeza bila kusita. Jina la kampuni nimeliacha, kwa kuwa tuna jambo nao ambalo halijaisha. Ninachotaka kueleza ni yale yasiyomo katika kile kijitabu chao cha picha: mkataba, ada, na sheria inayomlinda mnunuzi. Hii sheria, yaani Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Kenya, ipo tangu 2012, na bado nakutana na watu hapa Mombasa, wenye mikataba mkononi, ambao hawajawahi kuisikia.

Unachonunua si nyumba. Hakuna hati ya ardhi itakayotoka na jina lako, na huwezi kuipeleka benki kama dhamana. Umenunua haki ya kukaa wiki fulani, kila mwaka, kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo kila kitu kimo humo kwenye karatasi. Wetu una kifungu kinachosema hoteli ikiuzwa, mwenyewe mpya anazichukua wiki zetu pamoja na jengo. Tulikidai kifungu hicho kabla ya kutia saini, nikakisoma mwenyewe neno kwa neno. Kazi yangu ni ya kliaransi bandarini, na siku nzima ninashinda na karatasi ambazo mstari mmoja ukikosekana, kontena halitoki.

Jambo la pili ni wiki gani. Yetu imetajwa tarehe, mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa. Mwenzangu wa kazini aliuziwa wiki inayoelea: unaomba tarehe, unapewa "kulingana na nafasi". Akiomba Desemba, pamejaa. Akiomba Pasaka, pamejaa. Anachopewa ni Mei, masika yamekaza, kusi inavuma, bahari imechafuka na mwani umelala ufuoni mpaka huoni mchanga. Analipa ada ileile ninayolipa mimi. Ukiniuliza, wiki inayoelea usiichukue ila wakuandikie ni miezi ipi unahakikishiwa, na uombe mapema kiasi gani. Sheria inasema maneno ya mkataba yakiwa na utata, yasomwe kwa faida ya mtumiaji, lakini afadhali usifike huko.

Halafu ada ya matengenezo. Hii ndiyo inayowachosha watu. Bei ya kununua unaimaliza. Ada haiishi mpaka mkataba uishe, na unailipa ukienda usiende. Mwaka 2020, hoteli za Pwani zilipofungwa kwa sababu ya korona, ankara yetu ilikuja kama kawaida. Mkataba unasema menejimenti inaweza kuirekebisha ada kulingana na gharama, na imekuwa ikirekebishwa kwenda juu tu. Sikatai kwamba chumvi ya bahari inakula mabati, feni na mabomba. Anayeishi kisiwani analijua hilo. Ninachodai ni kuona hesabu. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na huduma anayolipia, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sisi wamiliki kadhaa tumeandika barua ya pamoja kuomba mchanganuo wa ada: walinzi kiasi gani, maji kiasi gani, ukarabati kiasi gani. Hilo ndilo jambo ambalo halijaisha.

Sasa nije kwenye yaliyompata ami yangu, maana ndipo nilipoijua sheria kwa vitendo.

Ami ni mstaafu wa bandari. Alialikwa na kampuni hiyohiyo kwenye chakula cha asubuhi, bure, "kwa jamaa za wamiliki". Alipokelewa vizuri mno. Kijana aliyevaa tai alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akamuuliza habari za wajukuu, akamwonyesha nyumba ya mfano. Baadaye wakamkalisha kwenye ukumbi wenye muziki wa juu na kumweleza kuhusu pointi: badala ya wiki, unanunua pointi, na pointi zinakupeleka popote, Zanzibar, Dubai, hata Ulaya. Saa zikapita. Kila akitaka kuondoka, anakuja mwingine mwenye cheo kikubwa zaidi na bei ndogo zaidi. Bei ya leo tu, mzee. Ukitoka mlangoni, imekufa. Mwishowe akatia saini, akatuma arbuni kwa M-Pesa palepale, na salio likageuzwa mkopo ambao kampuni yenyewe ilimtafutia.

Jioni akanipigia. "Mwanangu, njoo unisomee hizi karatasi, macho yangu hayazifikii."

Nilichokikuta mezani kwake kilikuwa ukurasa mmoja wa muhtasari, risiti, na karatasi yenye visanduku ambavyo ametia herufi za jina lake kimoja kimoja. Kimoja kilisema: "Naelewa kwamba malipo hayarudishwi." Kingine: "Naelewa kwamba siwezi kuvunja mkataba." Mkataba wenyewe haukuwepo. Aliambiwa utakuja kwa barua pepe. Ami hana barua pepe. Walikuwa wameandika ya mjukuu wake.

Basi sikiliza sheria inavyosema, kwa sababu ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji, nambari 46 ya 2012 (namba sawa na ile Ibara ya Katiba, kwa hiyo haisahauliki), imeutaja umiliki wa zamu waziwazi. Mkataba lazima uwe wa maandishi, na mnunuzi apewe nakala. Ukishapata nakala, una siku 10 za kuuvunja bila kutoa sababu yoyote. Siku hazianzi ulipotia saini, zinaanza ulipoipokea nakala. Na usipopewa nakala inayotimiza masharti ya sheria, unaweza kuuvunja ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba ulipofungwa. Ami, aliyeondoka na ukurasa wa muhtasari tu, siku zake 10 zilikuwa hazijaanza hata kuhesabiwa.

Na vile visanduku? Haki za sheria hii hazifutwi na makubaliano yoyote wala na saini ya mtumiaji kuziacha. Kampuni inaweza kukuandikisha kurasa kumi kwamba umezikana haki zako, na bado unazo. Hali kadhalika kifungu kinachokulazimisha kupeleka ugomvi kwa msuluhishi badala ya mahakama: hakikuzuii kwenda kushtaki. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona wazee wanakata tamaa pale tu wanapoonyeshwa saini yao wenyewe.

Niliandika barua ya nusu ukurasa. Haikuhitaji wakili: "Mimi fulani, ninauvunja mkataba nambari hii, niliotia saini tarehe hii, kwa haki niliyopewa na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Naomba mnirudishie fedha zote nilizolipa, na mthibitishe kwa maandishi kwamba mkopo uliofungamana na mkataba huu nao umefutwa." Tarehe, saini, nambari ya kitambulisho. Sheria haikulazimishi kutumia fomu yao. Maneno yoyote yanayoonyesha kwamba umeuvunja yanatosha, hata kwa mdomo, ingawa mimi sitamshauri mtu yeyote aende kwa mdomo.

Ofisini, dada wa mapokezi aliisoma, akatoka, akarudi. Akasema hawezi kuigonga muhuri wa kupokelewa mpaka makao makuu yaamue. Sikubishana. Niliipiga picha ikiwa juu ya meza yao, nikaenda Posta kuituma kwa rejista, na jioni nikaituma pia kwa barua pepe. Barua ya kuvunja inahesabika tangu ilipotumwa, kwa hiyo risiti ya Posta ina thamani kuliko muhuri wao.

Ule mstari wa mkopo kwenye barua ni wa muhimu sana. Watu huvunja mkataba kisha wanaendelea kukatwa kila mwezi, wakidhani mkopo ni jambo jingine. Mkataba wa zamu ukivunjwa kwa sheria hii, mikataba yote inayoandamana nao inavunjika pamoja nao kana kwamba haikuwahi kuwepo, ukiwemo mkopo ambao muuzaji mwenyewe ameutoa au kuupanga, na dhamana zake.

Walijibu kwa kutuma nakala ya vile visanduku. Kisha wakapiga simu wakitaka kumpa Ami wikiendi ya bure na pointi za nyongeza. Ami akawaambia, kwa upole wake, "Mwanangu, mimi nataka pesa zangu tu." Wakanyamaza. Tukaenda kwa wakili mmoja karibu na mahakama za Mombasa, akaandika barua moja ya madai, akataja Mahakama ya Madai Madogo. Arbuni ikarudi yote, na barua ya kufuta mkopo ikaja. Ilichelewa, na kuchelewa huko kulimkosesha mzee usingizi, jambo ambalo sijawasamehe.

Hiyo mahakama ya madai madogo ifahamuni. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria yake ya 2016 inaitaka iamue ndani ya siku 60. Kwa arbuni nyingi za mikataba hii, inatosha kabisa. Na kama siku 10 zimepita lakini ulidanganywa, mathalani uliambiwa wiki utaiuza kwa faida wakati wowote, mlango mwingine uko wazi: mkataba uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kumbana mtu isivyo haki unaweza kutenguliwa ndani ya mwaka mmoja. Kuwashtaki kwa Mamlaka ya Ushindani nako kunawezekana, kwa sababu matangazo ya uongo kwa mtumiaji ni jukumu lake pia. Kabla ya kununua, uliza leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Mwenye nayo haoni taabu kukuonyesha.

Tulipokuwa huko mwezi wa nane, jirani yetu wa nyumba ya pili, bibi mmoja wa Kijerumani, aliniambia kwamba kwao wana siku 14, na katika siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti. Ndivyo ilivyo kwenye agizo la Umoja wa Ulaya la 2008. Natamani tungekuwa na hilo la pili. Kama M-Pesa ya Ami isingeguswa siku ile, barua yangu ya nusu ukurasa ingemaliza kila kitu.

Tahadhari moja zaidi. Ukishakuwa mmiliki, namba yako inasambaa. Mimi hupigiwa na watu wanaojiita madalali, wanasema wamepata mnunuzi wa wiki yangu, tena kwa bei kubwa, ila kwanza nitume "ada ya uhamisho". Hakuna mnunuzi. Wiki hizi ni ngumu kuuzika kwa mkono wa pili, na zikiuzika ni kwa bei ya chini sana. Dalali wa kweli hukata chake biashara ikishakamilika. Anayetaka mbele, mkatie simu.

Kwa nyumba, usafi na wafanyakazi, nawapa alama za juu. Yule mzee wa bustani na akina dada wa usafi ni watu wa kupigiwa mfano. Kwa ukumbi wa mauzo, siwapi hata moja. Barua ya hesabu za ada imepokelewa, hii waliigonga muhuri, na mkutano wa wamiliki umepangwa kabla ya ankara ijayo. Mwenye wiki pale na hajatia jina lake kwenye barua, bado nafasi ipo.