Michezo ya maji ya watoto: nyota 3, mbili nimezizuia kwa sababu ya pampasi

Jamani Jumamosi nimewapeleka wanangu kwenye maji ya kuruka hapa Dar, siyo bwawa, ile sakafu yenye matundu maji yanaruka juu na ile ndoo kubwa ikijaa inawamwagikia, wameenjoi mpaka midomo inatetemeka kwa baridi na hawataki kutoka. Vyoo visafi, kivuli kipo, chipsi kuku za kawaida tu.

Mimi shida yangu maji. Wengi tunaona kwa vile hayatuami basi ni salama, kumbe yakishuka yanaingia kwenye tangi, pampu inayavuta, yanachujwa yanatiwa klorini, dawa ya kuua vidudu, halafu yanarudi kichwani kwa mtoto na mengine anayameza, kwa hiyo akija mmoja anaharisha, wote wameyanywa. Na klorini pale inaisha haraka sababu maji yanarushwa hewani na jua linayapiga, ndo maana lazima ipimwe mara kwa mara. Halafu ile harufu kali inayochoma macho siyo usafi, ni klorini imeshakutana na mikojo na jasho.

Nikamfuata kijana wa zamu, kaka samahani, leo mmepima saa ngapi? Wala hakununa, "subiri dada," akaniletea daftari, saa mbili asubuhi na saa sita, klorini 2, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.4, akapima tena mbele yangu na ile karatasi inayobadilika rangi. Hapo nilimpenda kweli. Ila taa za UV, zile zinazoua vidudu kwa mwanga, hawana na hiyo inaniuma, maana kuna kidudu kinaitwa Cryptosporidium kinakaa kwenye klorini zaidi ya siku 7 hakifi, ndo kiliwaharisha maelfu ya watu Seneca Lake, New York, mwaka 2005, kwenye sehemu ya maji ya kuruka kama hii hii, jimbo likaja kulazimisha UV.

Kilichoniudhi sasa, watoto watatu na pampasi zao za kawaida wamekalia matundu kabisa, pampasi zimevimba, na hakuna mhudumu aliyesema kitu, bango hakuna. Pampasi haizuii kitu ndani ya maji! Wekeni bango, wekeni mtu getini, na sehemu ya kubadilishia mbali na maji. Na sisi wazazi, mtoto anaharisha abaki nyumbani hata kama mlishamuahidi, na kama ni hiki kidudu asubiri wiki 2 baada ya kupona.

Mwezi ujao tunarudi, ila naanza na daftari ndo niwavue nguo.