Nzi wa matunda au panya: dawa ya mmea ianze kujaribiwa kwa yupi?

Kwa muda na gharama, nzi hana mpinzani. Kwenye nyuzijoto 25 yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Kipimo nacho ni chepesi: gonga chupa waanguke, kisha hesabu wanaopanda, waliopandikizwa protini inayohusishwa na Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoathiri mwendo) huchelewa chini.

Kwenye dozi, panya ni bora, maana hunyweshwa kiasi kinachojulikana. Nzi huchanganyiwa dawa kwenye chakula, na ikiwa chungu hula kidogo. Utadhani ni sumu, kumbe njaa! Tia rangi chakulani, uangalie matumbo yao.

Matunzo? Nzi huhamishiwa chakula kipya kila mara.

Una dondoo nyingi (viini vilivyotolewa kwenye mimea) za kuchuja ili kupata zinazofaa? Anza na nzi. Umebakiwa na moja, unataka kuchunguza kumbukumbu kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika nayo? Nenda kwa panya.