Gundi tatu kwa meza moja: uzoefu wangu wa kubandika kitambaa cha puli Malindi

Ukumbi wangu mdogo wa michezo uko Malindi, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka baharini, na ndani yake mna meza moja tu ya puli, ya futi 7, ile ya kutumbukiza sarafu. Katika muda wa miaka miwili nimekibadilisha kitambaa chake mara tatu, na kila mara kwa gundi ya aina nyingine. Mara mbili za mwanzo kitambaa kilichotolewa kilikuwa bado kizima. Kilichoharibika ni jinsi kilivyobandikwa. Ninaandika kwa ajili ya wenye meza kama yangu hapa Pwani, kwa sababu maelekezo mengi niliyoyapata yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hawajapata kuona chumvi inavyokula pini wala masika yanavyolegeza sufu.

Kwanza nieleze kwa nini nililazimika kutumia gundi. Meza nyingi za gharama kubwa zina ubao uliogandishwa chini ya jiwe linalobeba kitambaa, na fundi huvuta kitambaa kisha akakipiga pini za stepla kwenye ubao huo. Yangu haina ubao. Ni bapa moja la jiwe la sleti lililolazwa juu ya sanduku, na pini haiingii kwenye jiwe. Hata hivyo sikusikitika sana, maana pini za kawaida nilizozikuta kwenye mbao za kingo zilikuwa zimeshika kutu, na kutu hiyo ilikuwa imepenya kitambaa na kuacha madoa ya hudhurungi mahali pa kila pini.

Mara ya kwanza nilitumia gundi ya manjano ya mafundi viatu. Jirani yangu, ambaye ndiyo kazi yake, aliniambia, "Kaka, hii ikishika ndara ya mvuvi, basi itashika chochote." Kwa nguvu ya kushika hakusema uongo. Tatizo ni kwamba hushika mara moja na haisamehe kosa. Kitambaa kilipogusa ukingo wa jiwe kabla hakijanyooka, kilibaki hapo hapo, na nilipojaribu kukibandua kilivutika vibaya na kufanya mkunjo karibu na tundu la kati. Tena gundi ile ni nzito, huhitaji brashi, na brashi ile iliacha tone dogo juu ya uso wa jiwe bila mimi kuliona. Siku ya pili mpira mweupe ukisukumwa polepole kuelekea tundu hilo ulikuwa ukifika mahali fulani, unasita, kisha unapinda kushoto. Nilipapasa kwa kidole nikakuta uvimbe usiozidi punje ya choroko. Vijana waliozoea ukumbi waliujua kabla yangu, wakawa wanautumia kuwashinda wageni.

Ulipofika Januari, jua la kaskazi likapiga bati la paa mchana kutwa, gundi ile ikalainika. Haikubanduka, ilikuwa ikiteleza kidogo kidogo, na baada ya wiki chache kitambaa kikalegea katikati. Kuiondoa kulinichukua siku mbili za kukwangua kwa bamba la kupigia lipu na tambara lililoloweshwa thina. Hapa natoa tahadhari moja. Thina, na hata gundi yenyewe, hutoa mvuke unaoshika moto kwa urahisi, na sisi tuna desturi ambayo maelekezo ya ng'ambo hayaitaji: muuza kahawa huingia popote na dele lake juu ya makaa. Alipotokea mlangoni ilinibidi nimzuie kwa mkono. "Mzee, shikamoo, lakini usiingie na moto huo," nikamwambia. Akanusa, akarudi nyuma hatua tatu, akajibu, "Marahaba mwanangu. Nilidhani mmefungua duka la rangi." Kahawa tuliinywa barabarani.

Mara ya pili, mwezi wa Mei, nilikwenda upande wa pili kabisa na kununua gundi nyeupe ya maji, ile ya maseremala. Ni rahisi, haina harufu, na hukupa muda mrefu wa kusogeza kitambaa mpaka kikae unavyotaka. Nilidhani nimepata jawabu. Nililolisahau ni kwamba gundi ya namna hii hukauka kwa kupoteza maji, na jiwe la sleti halinywi maji kama mbao. Maji yote hayana njia ila kupitia kwenye kitambaa, na kitambaa chenyewe katika masika ya Malindi kimekwisha kushiba unyevu wa hewa. Nilikibana kwa vipande vya mbao na kamba siku moja na nusu, na bado chini yake palikuwa na ubichi. Wiki ya tatu pembe moja ikaachia, na ya pili ikafuata. Kwa mbao gundi hiyo haina kosa lolote. Kwa jiwe siwezi kumshauri mtu.

Mara ya tatu niliagiza gundi ya kopo la kupuliza kutoka Mombasa, ikaletwa kwa basi. Nilichagua 3M Super 77, kwa kuwa ni mojawapo ya zile ambazo mafundi wa meza za puli nchini Marekani wamekuwa wakizitumia. Bei ya kopo moja ilikuwa karibu mara tatu ya mkebe mdogo wa fundi viatu, jambo ambalo lilinifanya nisome maelezo yake mara mbili kabla ya kubonyeza. Hupulizwa pande zote mbili, kwenye ukingo wa jiwe na upande wa chini wa kitambaa, kwa utando mwembamba. Kitambaa hunywa, kwa hiyo upande wake niliupuliza mara mbili. Kisha unangoja dakika chache, unagusa kwa kidole: ikinata lakini isikifuate kidole, ndio wakati wake. Kabla ya yote hayo nilikuwa nimeufunika uso wote wa jiwe kwa magazeti, nikiacha ukanda wa vidole vitatu tu pembeni, maana choroko moja ilinitosha.

Kuvuta ndiko kulikokuwa na kazi hasa. Kitambaa changu ni cha sufu chenye vinyweleo, kama cha meza za Kiingereza, na vinyweleo hivyo vinapaswa kulala kuelekea mbele kutoka upande wa kuanzia mchezo. Unapitisha kiganja: upande mmoja ni laini, upande wa pili hukwaruza kidogo, na ule laini ndio unaokwenda mbele. (Vipo vitambaa visivyo na vinyweleo, kama Simonis 860 kutoka Ubelgiji, ambacho ni sufu asilimia 90 na nailoni asilimia 10. Mpira huenda kasi zaidi juu yake, lakini kwa ukumbi wa sarafu ishirini niliona si saizi yangu.) Tulianza kwa kubandika upande mfupi mmoja, kisha mimi na shemeji yangu tukavuta urefu wote kutoka upande wa pili, tukianzia katikati na kwenda pembeni kidogo kidogo. Baada ya hapo zikafuata pande ndefu, nazo kutoka katikati. Shemeji alikuwa akivuta kama anayepandisha tanga, nikamwambia, "Taratibu shemeji, hatutoki Lamu." Nguvu si hoja, hoja ni mvuto uwe sawa kila mahali. Nilichokitumia kupimia ni kubana kitambaa kwa vidole viwili katikati ya meza: kikinyanyuka kwa urahisi bado, kikikataa basi.

Hapa gundi ya kupuliza iliilipa bei yake. Upande mmoja mrefu ulikwenda mshazari, nikaubandua kabla ya dakika tano kupita, nikaunyoosha, nikaubandika tena, na ukashika. Kwa gundi ya manjano ningekuwa nimekipoteza kitambaa kizima. Kwenye matundu nilikata ndimi nne kila moja, nikazikunja ndani.

Nayo ina kasoro zake. Upepo wa kusi ulipoingia dirishani ulichukua mvuke wa gundi na kuumwaga juu ya mpira wa kingo, nikapoteza saa nzima kuusafisha. Kwa hiyo fungua mlango upande usio na upepo, usifunge kila kitu ukajiua kwa harufu. Kopo moja pia halikutosha. Liliniishia nikiwa nimebakiza matundu mawili, ikanibidi nirudi kwa jirani kuomba kijiko cha gundi yake ya viatu. Nakiri kwamba mahali hapo, kwenye ndimi fupi zisizohitaji kusogezwa, ilifanya kazi nzuri.

Kitambaa hicho kimekwisha kupita masika moja na kaskazi moja. Wakati wa mvua hulegea kidogo, kama sufu yoyote itakavyofanya, na jua likirudi hujikaza chenyewe bila kuachia ukingoni. Ni mahali pamoja tu, kwenye pembe ambapo vijana hupenda kuegemea wakingoja zamu, ambapo kimenyanyuka kwa upana wa ukucha. Nimekwisha kuagiza makopo mawili.